Kuhuisha Bima ya Gari na Msaada wa Njiani: Uaminifu wa Mteja Una Thamani Gani?

Kila chama cha ushirika chenye gari kina siku moja katika mwaka ambayo aghalabu hupita bila ya kutazamwa. Ni siku ambayo bima ya gari inafikia mwisho wake, na barua ya kuihuisha inalala mezani kwa katibu ikingojea sahihi na fedha. Katibu huitazama jumla iliyoandikwa chini, huona kuwa haikuzidi sana ile ya mwaka uliopita, huandika hati ya malipo, na kamati huipitisha. Shughuli yote huchukua dakika chache tu, ilhali fedha zinazotoka ni za wanachama wote.

Makala haya yanaeleza namna bei ya kuhuisha bima na huduma ya msaada wa njiani inavyopangwa, sababu zinazoweza kumfanya mteja wa siku nyingi alipe zaidi kuliko aliyeingia jana, na mambo ambayo katibu na kamati hawana budi kuyafanya ili mali ya chama isipotee kwa njia hiyo.

Msaada wa njiani ni nini

Na ichukuliwe, kwa mfano, hali ya chama cha wavuvi wa Chukwani chenye gari moja la kuchukulia samaki. Alfajiri gari hilo hupakia mzigo, likapita Mazizini na Kiembesamaki kuelekea mjini, ili samaki wafike sokoni kabla ya jua kupanda. Siku gari linapozima njiani, hasara haiwi ya fundi peke yake. Barafu huyeyuka, samaki huanza kuharibika, wachuuzi huondoka na kununua kwingine, na bei iliyotarajiwa haipatikani tena. Gari hilo likizima Nungwi au Makunduchi, mbali na fundi aliyezoeleka, huongezeka gharama ya kulivuta hadi mjini. Magari mengi ya Unguja yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo kwa miaka kadhaa, na kwa hiyo kuzima njiani si jambo la ajabu, bali ni jambo la kutarajiwa na kuwekewa akiba.

Wanachama wengi hudhani kwamba gari lenye bima limekwisha kulindwa na kila balaa. Sivyo. Kuna mambo matatu yaliyo mbalimbali, na ni lazima yatenganishwe.

La kwanza ni bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Bima hii huwalipa watu wengine walioumizwa na gari la chama. Chama chenyewe hakipati kitu kwa gari lake lililoharibika.

La pili ni bima kubwa. Hii huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Hata hivyo, bima kubwa ya kawaida hailipi ubovu wa mashine unaotokana na uchakavu. Injini ikifa kwa uzee, mwenye bima hana madai. Gharama ya kulivuta gari nayo hulipwa pale tu inapokuwa imetokea ajali inayokubaliwa na mkataba, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka.

La tatu ndilo msaada wa njiani. Hapa mtu hulipa ada ya mwaka, na gari linapozima anayo haki ya kuletewa fundi, kuwashiwa betri iliyokufa, kubadilishiwa tairi, au kuvutiwa gari lake hadi gereji. Katika nchi nyingine huduma hii hutolewa na vyama vya wenye magari. Nchini Kenya, chama cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1919. Mahali pengine huuzwa na makampuni ya bima kama nyongeza juu ya bima kubwa, au na gereji zenye magari ya kuvutia. Asiyekuwa nayo hutegemea fundi anayemjua, kamba, na huruma ya mwenye gari linalopita.

Huduma zote hizi zina sifa moja inayofanana: mkataba wake ni wa muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mkataba umekufa. Kuhuisha maana yake ni kuingia mkataba mpya, kwa bei mpya, hata kama karatasi zinafanana na za zamani. Katibu anayeelewa jambo hili moja amekwisha kupata nusu ya faida ya makala haya.

Namna bei ya kuhuisha inavyopangwa

Bei ya haki ya bima au ya msaada wa njiani hujengwa kwa mambo matatu. Kwanza huhesabiwa hatari: gari ni la umri gani, linafanya kazi gani, linakwenda wapi, na limewahi kudaiwa fidia mara ngapi. Pili huhesabiwa gharama za kuendesha shughuli, kama mishahara, ofisi, na ujira wa wakala. Tatu huongezwa faida ya mwenye biashara.

Lakini kuna jambo la nne ambalo baadhi ya wauzaji huliingiza kimya kimya, nalo halihusiani kabisa na gari. Jambo hilo ni makisio ya kwamba mteja huyu hatauliza. Muuzaji hutazama daftari lake na kuona kuwa mteja fulani amehuisha miaka minne mfululizo, hakuwahi kulalamika, wala hakuwahi kuuliza bei. Hapo hujua kwamba akiongeza kidogo, mteja hataondoka. Mwaka unaofuata huongeza tena. Kwa upande mwingine, mteja mpya anayezunguka na kulinganisha bei huvutiwa kwa bei ya chini, pengine chini ya gharama yenyewe, kwa matumaini kwamba naye atatulia na fedha hizo zitarudi baadaye.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika biashara ya namna hii, mteja mpya hula wali kwa mwaka wa kwanza, kisha hukabidhiwa jembe alime gharama za wageni wanaomfuata.

Mfano wa hesabu utalidhihirisha jambo hili. Tarakimu hizi ni za kuelezea tu, wala si bei za kampuni yoyote. Chama kimejiunga na huduma ya msaada wa njiani kwa shilingi 100,000 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kinatozwa 130,000, wa tatu 150,000, wa nne 175,000, na wa tano 200,000. Kwa miaka mitano kimelipa shilingi 755,000. Lau kingetozwa bei moja ya haki ya 135,000 kila mwaka, kingelipa 675,000. Tofauti ni shilingi 80,000. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba katika mwaka ule wa tano, jirani aliyejiunga siku ile ile kwa gari la aina ile ile hulipa 100,000. Mwaminifu amelipa mara mbili ya mgeni, na huduma ni moja.

Ni lazima isemwe pia kwamba si kila ongezeko la bei ni hila. Vipuri huweza kupanda, mafuta yakapanda, gari likazeeka na kuzima mara nyingi zaidi. Mambo hayo hupandisha bei kwa haki, na humpata mteja mpya sawasawa na wa zamani. Basi kipimo ni kimoja: je, mteja mpya mwenye gari kama la chama angetozwa kiasi gani leo? Ikiwa bei yake ni ile ile, ongezeko lina sababu. Ikiwa ni ndogo mno, chama kinaadhibiwa kwa uaminifu wake.

Yaliyoonekana Uingereza

Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu mbili. Huko msaada wa njiani ni biashara kubwa ya miaka mingi, na huko serikali imechunguza kwa tarakimu namna wateja waaminifu wanavyotozwa.

Mwaka 1905 wenye magari wa nchi hiyo walianzisha chama chao kiitwacho Automobile Association, ambacho baadaye kilikuwa mashuhuri kwa kuwasaidia waliozimikiwa na magari njiani. Kilikuwa chama cha wanachama, na wanachama ndio waliokuwa wenyewe. Mwaka 1999 wanachama walipiga kura ya kukiuza, na kampuni ya Centrica ilikinunua kwa zaidi ya pauni bilioni 1. Wanachama waliostahiki waligawiwa fedha, na kutoka siku hiyo wakawa wateja. Mwaka 2004 kikauzwa tena kwa makampuni ya uwekezaji, mwaka 2014 kikaingizwa katika soko la hisa, na mwaka 2021 kikachukuliwa tena na makampuni mengine ya uwekezaji. Magari ya njano ya msaada yaliendelea kuonekana barabarani kama zamani. Kilichobadilika ni jibu la swali hili: faida ni ya nani?

Kuhusu bei, mwezi Septemba 2018 shirika la ushauri kwa wananchi liitwalo Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi mbele ya mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo. Lilitaja masoko matano, yakiwemo ya simu, akiba za benki na bima za nyumba, na kueleza kwamba katika masoko hayo wateja waaminifu walikuwa wakitozwa ziada ya takriban pauni bilioni 4 kwa mwaka.

Mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia mwenendo wa biashara ya fedha nayo ilizichunguza bima za nyumba na za magari. Iligundua kwamba mwaka 2018 wenye bima milioni 6 walikuwa wakilipa bei ya juu, na lau wangelilipa bei ya wastani kwa hatari yao, wangeokoa pauni bilioni 1.2 katika mwaka huo mmoja. Tena ilionekana kwamba miongoni mwa waliotozwa bei za juu, mtu 1 kati ya 3 alikuwa na udhaifu wa namna fulani, kama vile maradhi, kipato duni, au kutozielewa vyema shughuli za fedha. Kwa maneno mengine, mzigo uliwaelemea wale ambao hawakuwa na nguvu ya kuutua.

Hatua zikachukuliwa. Tangu Aprili 2017 makampuni yalikuwa yamekwisha kulazimishwa kuandika katika barua ya kuhuisha bei ya mwaka uliopita kando ya bei mpya, ili mteja aione tofauti kwa macho yake. Kisha, kuanzia tarehe 1 Januari 2022, ikapigwa marufuku kumtoza mteja anayehuisha bima ya nyumba au ya gari bei inayozidi ile ambayo angetozwa kama angekuwa mteja mpya. Ireland nayo ilizuia upandishaji wa bei wa hatua kwa hatua kuanzia tarehe 1 Julai 2022.

Hata hivyo, amri hiyo ya Uingereza ilihusu bima za nyumba na za magari pamoja na nyongeza zinazouzwa ndani yake. Msaada wa njiani unaouzwa peke yake haukuingizwa katika marufuku hayo ya bei. Kwa huduma hiyo mteja alibaki akitegemea kanuni za jumla za kumtendea haki, na ulimi wake mwenyewe: kuuliza, kulinganisha, na kuwa tayari kuondoka.

Funzo ni kwamba sheria inaweza kusaidia, lakini haifiki kila mahali. Iwapo katika nchi yenye mamlaka kubwa na tarakimu nyingi mteja bado hana budi kuuliza, seuze mahali ambapo hakuna aliyewahi kulihesabu jambo hili.

Hali ya Unguja na Tanzania Bara

Kwa miaka mingi swali la kulinganisha bei halikuwepo hapa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima Tanzania Bara iliwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa. Zanzibar ilianzisha Shirika lake la Bima mwaka 1969. Aliyetaka bima alijua mlango mmoja wa kugonga, na bei ilikuwa ya mlango huo. Makatibu wa wakati ule walizoea kuhuisha bila ya kuuliza, na hawakukosea, kwani hapakuwa na wa kumuuliza.

Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na sheria nyingine ya mwaka 2009 ikaimarisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Leo makampuni ni mengi, na mawakala na madalali wa bima ni wengi zaidi. Lakini mazoea hayakubadilika kwa kasi ya sheria. Vyama vingi bado vinahuisha kama vilivyohuisha zama za mlango mmoja.

Kwa bima kubwa, upotevu wa fedha aghalabu hujificha katika thamani ya gari iliyoandikwa kwenye mkataba. Ada ya bima kubwa hupatikana kwa kuchukua asilimia fulani ya thamani hiyo. Na ichukuliwe kwamba asilimia ni 4, na gari la chama liliandikwa kuwa na thamani ya shilingi 20,000,000 lilipokatiwa bima mara ya kwanza. Ada ilikuwa 800,000. Baada ya miaka mitatu gari limechakaa na sokoni halizidi 13,000,000, lakini katibu anaendelea kuhuisha kwa thamani ile ile ya zamani. Anaendelea kulipa 800,000 badala ya 520,000. Anadhani anajilinda zaidi. Kumbe gari hilo likiteketea, kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya hasara na si ile iliyoandikwa, maana bima hurejesha kilichopotea wala haimtajirishi mtu. Shilingi 280,000 za kila mwaka zimelipwa bure.

Kosa la kinyume chake ni baya vilevile. Kuna makatibu ambao, kwa kutaka ada ndogo, huandika thamani ya chini mno. Mikataba mingine ina sharti kwamba mwenye bima aliyeandika nusu ya thamani huhesabiwa kuwa amejibebea nusu nyingine mwenyewe. Gari la 20,000,000 likiandikwa 10,000,000, kisha likapata hasara ya 4,000,000, chama kinaweza kulipwa 2,000,000 tu. Kwa hiyo thamani isiandikwe juu wala chini. Iandikwe ilivyo, na itazamwe upya kila mwaka.

Liko pia punguzo la kutokudai. Mwenye bima aliyemaliza mwaka bila ya kudai fidia hupunguziwa ada, na punguzo hukua kwa miaka kadhaa hadi kufikia kikomo chake. Wengi hudhani hili ndilo zawadi ya uaminifu. La, hili ni malipo ya uangalifu wa dereva. Lina faida mbili ambazo katibu anapaswa kuzijua. Kwanza, si mali ya kampuni. Chama kikihama huweza kuomba barua ya kuthibitisha miaka yake ya kutokudai, na kampuni mpya nyingi huikubali. Pili, asilimia ya punguzo huweza kukua huku bei ya asili ikipandishwa, hata jumla isipungue. Kwa hiyo katibu atazame jumla ya mwisho, asifurahishwe na neno "punguzo" lililoandikwa kwa wino mzito.

Uaminifu katika ushirika

Wanaushirika wana haki ya kulitazama jambo hili kwa jicho lao wenyewe, kwa sababu ushirika uliwahi kulijibu swali la uaminifu zamani. Wafumaji na mafundi wa Rochdale waliofungua duka lao mwaka 1844 walifuata kanuni iliyo wazi: ziada ya mwaka irudishwe kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Aliyenunua mwaka mzima alipata gawio kubwa kuliko aliyepita mara moja. Kwa njia hiyo uaminifu uliandikwa daftarini, ukahesabiwa, na ukalipwa.

Afrika Mashariki nayo imeona ushirika ukiingia katika bima. Nchini Kenya vyama vilianza kwa wakala wa bima ndani ya shirikisho lao mwaka 1968, na mwaka 1978 ikapatikana kampuni kamili ya bima ya ushirika, ambayo leo hujulikana kwa jina la CIC.

Tofauti ya njia hizi mbili haipo katika wema wa watu. Ipo katika utaratibu. Pale ambapo mteja si mwenye mali, kukaa kwake kimya ni faida ya mwingine. Pale ambapo mteja ndiye mwenye mali, ziada iliyotoka mfukoni mwake haina budi kurudi kwake, madhali hesabu inasomwa mbele ya mkutano mkuu. Lakini hata chama cha ushirika kinaweza kuteleza. Chama kinachompa mwanachama mpya mkopo kwa riba nafuu ili kumvuta, huku wa zamani wakiendelea na riba ya juu bila ya kuambiwa, kimefanya jambo lile lile linalolalamikiwa hapa. Kamati zijichunguze kabla ya kuwanyooshea wengine kidole.

Wajibu wa katibu na kamati

Ili mali ya chama ilindwe, katibu anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao kila mwaka.

1. Aweke daftari la bima lenye safu za tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, thamani ya gari iliyoandikwa, ada iliyolipwa, punguzo lililotolewa, na madai yaliyofanywa. Daftari la miaka mitano huonyesha wazi bei inavyopanda.

2. Aanze kazi mwezi mmoja kabla ya bima kwisha. Anayeanza siku mbili kabla hana nguvu ya kujadiliana, kwa kuwa muuzaji anajua kwamba gari haliwezi kutembea bila ya bima.

3. Athibitishe thamani ya gari kwa kuuliza bei za magari ya aina na umri ule, au kwa kutumia mthamini, na aiandike thamani hiyo katika maombi mapya.

4. Aombe bei kwa maandishi kutoka makampuni yasiyopungua matatu, ikiwemo ile ya zamani. Kampuni ya zamani aiulize swali moja: mteja mpya mwenye gari kama hili angetozwa kiasi gani?

5. Alinganishe masharti pamoja na bei. Kwa msaada wa njiani aulize: gari la kuvutia liko Unguja au liko Dar es Salaam? Huduma inapatikana usiku na alfajiri? Inafika hadi Nungwi na Makunduchi? Gari litavutwa mara ngapi kwa mwaka, na kwa umbali gani? Ahadi ya bei rahisi kutoka kwa asiyekuwa na gari la kuvutia kisiwani haina thamani kwa wavuvi wa Chukwani.

6. Asihame kwa tofauti ndogo. Kampuni iliyolipa madai ya chama upesi na bila ya usumbufu imeonyesha thamani isiyoandikwa katika barua ya bei. Uaminifu kwa mtu aliyetenda haki ni busara. Unaokatazwa ni uaminifu wa usingizi.

7. Athibitishe kwamba bima aliyopewa ni ya kweli kwa kuuliza katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kabla gari halijaingia barabarani. Bei ya chini mno kuliko zote huenda ikawa ni karatasi tupu.

8. Alete mbele ya kamati bei zote alizopokea, na si ile aliyoichagua tu, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na sababu zake. Utaratibu huu humlinda pia katibu mwenyewe dhidi ya tuhuma za kupokea bakhshishi kwa wakala.

Je, vyama vinaweza kuungana?

Gari moja halina sauti mbele ya kampuni. Magari arubaini yanayo. Vyama vikikubaliana kuhuisha bima zao katika mwezi mmoja na kuomba bei kwa pamoja kupitia umoja wao, muuzaji atajua kwamba akipoteza mmoja amepoteza wote. Hili halihitaji mtaji; linahitaji orodha sahihi ya magari, umri wao na madai yao, na wanachama wasiovunja safu kwa kunong'onezwa bei ya pembeni.

Kwa upande wa msaada wa njiani, vyama huweza kufikiria mapatano ya pamoja na gereji yenye gari la kuvutia. Hesabu yake si ngumu. Ikiwa magari arubaini huzima na kuhitaji kuvutwa mara 30 kwa mwaka, na kila safari hugharimu wastani wa shilingi 80,000, gharama yote ni 2,400,000, yaani 60,000 kwa kila gari. Tarakimu hizi nazo ni za mfano, na kila umoja hauna budi kukusanya zake kutoka kwenye madaftari ya vyama kabla ya kuafikiana na mtu yeyote.

Tahadhari moja ni muhimu. Kukusanya michango ya watu na kuwaahidi fidia kwa hasara isiyojulikana itatokea lini ni biashara ya bima, na biashara hiyo huhitaji leseni. Kwa hiyo umoja usianzishe mfuko wa namna hiyo kabla ya kupata ushauri wa Mrajis wa Vyama vya Ushirika na wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mapatano ya kununua huduma kwa pamoja ni jambo jingine, na ndiyo hatua inayofaa kuanzwa nayo.

Barua ya kuhuisha itakapofika tena, kamati iisome kama inavyousoma mkataba mpya, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya wavuvi, wakulima na wachuuzi, ambao hawapo ofisini siku sahihi inapotiwa, ndiyo inayostahiki kuandikiwa daftari kuliko nyingine zote.